Tumekuja Kuchukua Vipimo

Jumanne moja ya mwisho wa Oktoba, saa tatu asubuhi, Loisi alikuwa juu ya paa la nyumba yake huko Mvumi, akigeuza mbegu za maboga zipate jua upande wa pili. Paa la tembe ni bapa, la udongo, na mtu akijua pa kukanyaga anaweza kuanika juu yake chakula cha mwaka. Loisi alijua. Katikati hakukanyaga, maana chini ya hapo ulipita mhimili mkuu, na mhimili huo mchwa walikuwa wameula hata ukiugonga unalia kama kibuyu kitupu.

Chini ya mhimili kulikuwa na kitanda, na kitandani alilala mumewe, Batholomeo, ambaye miguu ilikuwa imemgomea mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi Loisi alimpangusa udongo usoni kwanza, ndipo akampa uji.

Kwa hiyo mhimili ulikuwa lazima ubadilishwe kabla ya mvua. Jirani yao Marko alikwisha kuchonga mpya, wa mninga, nao ulikuwa umelazwa kando ya njia. Watu sita walikwisha kualikwa kuja kuuinua Jumamosi, na pombe ya uwele ilikwisha kutiwa kimea, maana watu hawainui mti na koo kavu.

Gari jeupe likasimama nje. Wakateremka wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa Bwana Uwesu, mtu wa Kondoa, mkuu wa kitengo katika ofisi moja ya majengo ya kale iliyoko Makole, mjini. Wa pili alikuwa Joel, mchoraji wa ofisi hiyo, baba wa watoto watatu, mtu ambaye hajawahi kuchora mstari wa uongo.

"Shikamoo, mama," alisema Uwesu.

"Marahaba. Karibuni. Naona mmekuja na ngazi."

"Siyo ngazi, mama. Hii ni miguu ya kamera."

"Ngazi ingefaa zaidi. Haya, mmekuja kunitengenezea nyumba?"

"Tumekuja kuihifadhi."

"Si ndiyo hiyo hiyo."

"Siyo hiyo hiyo," alisema Uwesu kwa upole, kama mwalimu anayemrudishia mtoto daftari. Akaeleza. Tembe lile lilikuwa la mwisho kijijini; mengine yote yalikwisha kubomolewa, watu wakaweka bati. Lilijengwa na babu yake Batholomeo, na sasa limeingizwa kwenye orodha. Nyumba ikishaingia kwenye orodha haiguswi.

"Na mhimili?"

"Haubadilishwi, mama. Ukiweka mpya, nyumba si ya asili tena."

"Ikianguka je?"

Uwesu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kujibu ovyo. "Ikianguka," alisema, "itakuwa imeanguka katika asili yake."

Kutoka ndani Batholomeo aliita, "Mama Hilda, hao ni akina nani?"

"Ni watu wa serikali. Wanasema tusiguse."

"Waambie mimi naguswa na udongo kila siku."

Uwesu akacheka, akasema mzee ana ucheshi, na ucheshi huo utaingia kwenye ripoti. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yalileta yote. Alisema: "Sisi, mama, leo tumekuja kuchukua vipimo tu. Tutachukua vipimo, tutachukua picha, tutachukua na historia. Unaturuhusu?"

Loisi, ambaye hajawahi kumfukuza mgeni, alisema, "Chukueni."

Sasa nyumba ile ilijengwa na Wagogo, na kwa miaka mingi haikusikia lugha nyingine ila Kigogo. Kiswahili ilikiokota ukubwani, kutoka kwa wahubiri, wachuuzi wa vitenge na redio ya Batholomeo. Haikusoma. Haikujua kwamba kwa watu wa ofisi kuna kuchukua kwa maneno na kuchukua kwa mikono. Ilisikia mwenye nyumba akisema chukueni, ikatii.

Joel alianza na ua wa miti. Akavuta futi kamba, akaandika mita kumi na moja nukta mbili, akachora. Alipoinua kalamu, ua haukuwepo tena. Ulikuwa kwenye karatasi, miti yote, hata ule mmoja ulioegemea. Kuku mwenye madoa aliyekuwa akichakura pale naye aliingia, akawa anachakura pembezoni mwa karatasi, karibu na mahali pa kuandika tarehe.

"Ua umeingia," alisema Joel.

"Vizuri," alisema Uwesu. "Endelea na kihenge."

Kihenge kikaingia na uwele wake debe saba. Loisi aliuliza jioni atapika nini, Uwesu akamjibu kwamba uwele sasa uko salama kuliko wakati wowote, panya hawaufikii. Jambo hilo lilikuwa kweli. Loisi akaenda kukopa unga kwa Marko.

Siku ya pili walichukua jiko, ukuta wa mashariki na zizi. Loisi alihamisha vyungu kila walipoukaribia ukuta, kama mtu anavyohamisha mkeka jua linapomfuata. Majirani walikuja kutazama. Marko alisimama kando ya ule mhimili mpya alioupasulia viganja, akawauliza wakubwa wale, kwa heshima, kama hawaoni kwamba wakiinua mhimili mpya kwanza, halafu wakachukua, watachukua nyumba nzima badala ya mbovu.

"Tunachukua kama tulivyokuta," alisema Uwesu.

"Hata mgonjwa humpi dawa kwanza ndipo umpige picha?"

"Bwana Marko, wewe ni fundi. Hii ni taaluma."

Marko akarudi kwake. Jumamosi ilipofika pombe ilikuwa imeiva, na pombe haingoji kibali. Watu sita waliinywa wakiwa wamekalia mhimili mpya, wakasema ni mti mzuri sana.

Lakini kabla ya Jumamosi hiyo, siku ya tatu ya vipimo, kilibaki chumba cha kulala. Loisi alisema sasa amtoe mumewe. Lakini Uwesu alikuwa na shida ya kitaalamu: mchoro wa chumba unataka mtu ndani yake, ili mtazamaji ajue chumba ni kikubwa kiasi gani. Alitazama huku na huku. Yeye mwenyewe alikuwa mnene, angedanganya.

"Mzee abaki hapo hapo kitandani," alisema. "Anatosha kabisa."

Batholomeo hakupinga. Mara ya mwisho kupigwa picha ilikuwa ya kadi ya kupigia kura, nayo haikumpendeza. Aliomba apewe kofia yake. Joel akapima chumba, akapima nguzo nne za mpingo zenye panda, akapima mhimili, akaandika kando yake kwa mwandiko mzuri: *umeliwa na mchwa, uimara asilimia thelathini*. Mwisho akamchora Batholomeo na kofia, akaiandika karatasi hiyo namba saba.

Kisha hapakuwa na kitu pale ila uwanja wa udongo mwekundu, mbegu za maboga zilizomwagika, na Loisi ameshika bakuli la uji.

"Mtamrudisha lini?" aliuliza.

"Kumbukumbu zikikamilika," alisema Uwesu, akafunga mkoba. Kabla ya kuondoka walisimika kibao kwenye uwanja ule mtupu: MAHALI PA KIHISTORIA. USIGUSE.

Loisi alikaa kwa Marko wiki mbili. Alilala vizuri, maana mwenye nyumba alikuwa na bati, lakini kila asubuhi mkono wake ulitafuta uso wa kupangusa. Wiki ya tatu mawingu yalianza kujikusanya upande wa Ihumwa. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akatia uji kwenye chupa ya chai, akaenda mjini.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Dada wa mapokezi, jina lake Nasra, alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza anakuja kumwona nani.

"Mume wangu."

"Anafanya kazi hapa?"

"Amelala hapa. Karatasi ya saba."

Nasra alitazama daftari, akamwona. "Kweli, yupo. Kabati la pili, droo ya chini. Saini hapa, mama. Na hiyo chupa ya chai ni ya nini? Vimiminika haviruhusiwi karibu na nyaraka."

Chupa ikabaki mapokezi. Joel akavuta droo. Moshi kidogo ukatoka, wa lile jiko la siku ya pili, na jogoo mmoja ambaye hakuandikwa popote akawika. Karatasi ya saba ilikuwa juu. Batholomeo alikuwa mkubwa kama kidole gumba, lakini kofia ilimkaa vizuri.

"Mama Hilda, umechelewa," alisema.

"Foleni, baba Hilda. Unaendeleaje?"

"Mvua hainipati, hilo siwezi kulalamika. Lakini kila wakifunga hii droo kwa nguvu, udongo unanidondokea machoni. Na leo mhimili umelia mara tatu."

Loisi akatazama. Mhimili ulikuwa umepinda katikati, kama mgongo wa punda mzee. Akamgeukia Joel. "Mwanangu, ufutio unao?"

"Ninao, bibi."

"Basi futa huo ubovu, chora mzima. Ni mstari mmoja tu."

Joel alisikitika kweli. Hata kalamu aliishika. "Bibi, nikichora mzima nitakuwa nimedanganya. Mhimili niliuona mbovu kwa macho yangu."

"Uliona na mpya umelazwa njiani."

"Ule haukuwa sehemu ya jengo."

Mhimili ukalia mara ya nne. Udongo ukamwagika juu ya kofia ya Batholomeo, na ufa ukakimbia juu ya karatasi kutoka kona mpaka kona. Loisi hakungoja. Akaingiza mkono kwenye droo, akaukinga mhimili kwa kiganja.

"Bibi, hairuhusiwi kugusa!"

"Usiachie, mama Hilda," alisema Batholomeo.

Hakuachia. Mkono ulikuwa mfupi, ikabidi aingize na bega. Bega likafika. Akapiga magoti mbele ya kabati, sikio limelala juu ya ukuta wa mashariki, akakaa hivyo kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Watumishi walipita na chai zao wakamruka miguu, wakasema pole mama, akasema asante. Ulipofika muda wa kufunga, Nasra alileta funguo akakuta droo haifungiki. Alieleza kwamba kabati lisilofungwa ni kosa. Loisi alimwambia aulizwe mwenye kosa.

Akaitwa Uwesu. Alizunguka lile kabati mara mbili. Akauliza, "Mama, ukitoa bega kitatokea nini?"

"Paa litamwangukia mume wangu."

"Na ukibaki?"

"Halitamwangukia."

"Kwa hiyo unabeba uzito," alisema Uwesu, na uso wake ukang'aa, maana shida ya ofisi ilikuwa imepata jina. "Joel, kitu kinachobeba uzito katika jengo ni nini?"

"Ni nguzo, mkuu."

"Mchukue vipimo."

Loisi alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, Kiswahili alikijua kuliko nyumba yake ilivyokijua. Alijua vizuri neno lile linafanya nini. Aliwaza uwanja mtupu wa Mvumi na kibao chake. Akawaza bati la watu. "Haya," alisema. "Chukueni."

Joel akapima, kwa adabu, bila kumgusa. Akaandika: *Nguzo ya muda. Si ya asili. Urefu mita moja na sentimita hamsini na nne. Hali: nzuri, isipokuwa magoti.* Alipoinua kalamu droo ikafungika vizuri sana, na Nasra akaenda nyumbani kwake.

Ndani, Loisi alisimama kati ya nguzo za mpingo, mikono juu, mhimili mabegani. Kutoka pale aliweza kumwona mumewe, lakini kumpangusa uso hakuweza.

"Uji umeleta?" aliuliza Batholomeo.

"Uko mapokezi."

Mwezi Januari, mvua ikinyesha nje kama inayolipiza kisasi, ofisi ilifanya maonyesho ya kazi zake. Karatasi ya saba ilitolewa kwenye droo, ikawekwa kwenye fremu yenye kioo na taa. Ripoti ilisomwa. Ilisema kwamba tangu lihifadhiwe, tembe lile halijavuja hata tone. Mgeni rasmi, bwana mkubwa mwenye suti ya kaki, alisimama mbele ya fremu muda mrefu akamtazama Loisi kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akawageukia watu.

"Wahenga walisema," alisema, "mwanamke ni nguzo ya nyumba. Leo tumeona."

Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Mgeni rasmi, kwa kuwa hotuba ilikuwa imempendeza yeye mwenyewe, akainama karibu na kioo.

"Mama, una ombi lolote kwa serikali yako?"

"Ninalo, mheshimiwa," alisema Loisi. "Mhimili mpya. Uko kwa Marko, umechongwa tayari. Watu sita wanatosha, na pombe nitaipika mwenyewe nikishashuka."

"Ombi la msingi kabisa," alisema mgeni rasmi. "Liandikwe."

Likaandikwa. Joel alileta fomu, akaandika kila neno kama lilivyotoka, hata lile la pombe. Akamsomea mara mbili kupitia kioo, Loisi akasema ndivyo. Joel akaweka tarehe, akatoa kalamu, akamwonyesha mahali pa kusaini.

"Siwezi," alisema Loisi. "Mikono ina kazi."

"Hata dole gumba, bibi? Wino ninao hapa."

"Nikitoa hata dole gumba linashuka."

Joel alimwelewa. Alikuwa mtu mwelewa tangu mwanzo. Alingoja kidogo, pengine mkono ungepata nafasi, mpaka wahudumu wakaanza kukusanya chupa za maji na kukunja vitambaa vya meza. Kisha akaandika chini ya ombi, kwa ule mwandiko wake mzuri: *Mwombaji hakusaini*. Na ombi lisilo na saini halipokelewi.