Bibi Kaza na Dredi za Mjukuu

Mtaani walimwita Bibi Kaza kwa sababu ya vifungo. Miaka thelathini alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, na kifungo alichokishona yeye hakikung'oka. Shati lingechakaa, ligeuke tambara la kufutia sakafu, kifungo bado kimeng'ang'ania. Wazazi walimpenda kwa hilo. Macho yalipoanza kumsumbua aliiacha cherehani, lakini mikono ilibaki na nguvu zake zote, haina kazi.

Ndipo mjukuu wake alipokuja kuishi naye. Alikuwa binti wa miaka ishirini, mchache wa maneno, ambaye mama yake alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali. Alitaka kufuga dredi. Bibi hakuwa amewahi kusokota hata moja, ila hakuwa mtu wa kushindwa na nywele. Wakazianza pamoja sebuleni, visongo vifupi vilivyosimama huku na huku kama misumari iliyopigwa na fundi mlevi. Mwaka wa kwanza zilifumuka kila zilipooshwa. Wa pili zikavimba na kuota manyoya, bibi akadhani wameziharibu, kumbe ndiyo kwanza zinashikana. Wa tatu zikakubali kulala mabegani. Sasa ulikuwa mwaka wa sita, zimefika kiunoni, na zikilowa zilikuwa nzito kama taulo.

Kila Jumamosi asubuhi, chai ikishanywewa, mjukuu aliketi kwenye kigoda mbele ya magoti ya bibi, naye bibi akasokota mashina, moja baada ya jingine, mpaka kila njia ya ngozi ikaonekana nyeupe. Hakupenda kuona unywele mchanga umesimama. Machoni pake ule ulikuwa uzi uliochomoza kwenye pindo. Na huku akisokota, alisimulia. Alisimulia habari za babu, ambaye alikuwa marehemu lakini kwa utani wa nyumba ile alikuwa bado mume wao wote wawili, ndiyo maana bibi alimwita mjukuu "mke mwenzangu". Siku nyingine za wiki binti alikuwa kazini, kwenye duka la miwani, na bibi alikuwa na redio tu. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake.

Kwa hiyo binti alipoanza kujifunga kitambaa, bibi aliona mara moja. Jumamosi ya kwanza alisema ana mafua. Ya pili alisema ameitwa kazini. Ya tatu alisema amechoka, na akasema huku anatazama ukuta. Bibi hakumuuliza. Alikaa akijipekua ni neno gani alilolisema vibaya.

Jumatatu, akitandika kitanda cha mjukuu, alikuta dredi juu ya mto. Ilikuwa nzima, ndefu kuliko mkono wake, na kule kwenye shina imekonda mpaka ikawa unyuzi. Akakaa kitandani, akaishika, akafikiria magonjwa yote aliyowahi kuyasikia redioni.

Jioni binti aliporudi, aliikuta mezani juu ya leso safi. Akafungua kitambaa bila kubisha. Juu ya paji la uso nywele zilikuwa zimerudi nyuma upana wa vidole viwili, na dredi mbili zaidi zilining'inia kwa nywele chache. Akasema dukani anawakaribia wateja uso kwa uso kuwapima miwani, na macho yao yote yanamwishia pale. Ameshaamua. Kesho ameomba ruhusa kazini, anakwenda kwa msusi kunyoa zote.

Bibi akasema atakwenda naye. Kama ni ugonjwa, asiusikie peke yake.

Msusi alikuwa mwanamume wa makamo, dredi zake zimefungwa nyuma kama mzigo wa kamba, ana saluni ya viti viwili yenye dirisha kubwa. Alimwamkia bibi, akamvutia kiti chenye mto. Kisha akanawa mikono, akamgeuza binti kwenye mwanga, akapitisha vidole kichwani polepole. Katikati ya dredi alipapasa nta ya kusokotea, ya zamani, iliyogandamana. Huku nyuma, alisema, ni nzuri, zimekomaa, zimeshiba. Za mbele hazina ugonjwa. Zimevutwa. Dredi ikirefuka uzito wake peke yake unatosha, na shina linataka kuachwa lipumue wiki sita, nane. Hili limesokotwa kila wiki.

"Nani anakusokota?" akauliza.

"Najisokota mwenyewe," binti akajibu upesi.

Msusi akaendelea kuchambua, na bibi, aliyekuwa akimtazama, akaona jinsi alivyojizuia kugeuza macho upande wake. Mashina yote ya kisogoni yalikuwa yamelalia upande mmoja, yamebanwa sawasawa, kazi ya mtu aliyeketi nyuma na juu. Hata asiye fundi angeona. Mtu huyu ameona, na ameamua kumsitiri mzee wa watu.

Mikono ya bibi ilikuwa mapajani. Akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemlaumu. Msusi alivuta kigoda, akaketi chini mbele yake, akafungua mzigo wake wa kamba ukamwagika mpaka sakafuni. Akamwomba amwonyeshe anavyofanya. Bibi akasema tangu afiwe hajashika kichwa cha mwanamume, na yule aliyemzika alikuwa na upara. Binti akacheka, mara ya kwanza kwa wiki tatu. Bibi akachagua dredi moja, akalowesha vidole, akasokota kama alivyosokota siku zote.

"Hapo hapo, bibi, usiachie," msusi akasema kwa upole. "Tazama ngozi yangu. Si imenyanyuka?"

Kweli ilikuwa imenyanyuka, kilima kidogo chenye vitone. Bibi akaachia kama aliyeshika sufuria la moto.

Akafundishwa upya. Unywele mchanga si uchafu, wala si uzi wa pindo; ndiyo dredi ya kesho. Unazungushwa mpaka ukubali, basi, hukazwi. Alijaribu mara nne kabla msusi hajasema sasa hasikii kuvutwa.

Kisha msusi akamgeukia binti. Zile mbili zinazoning'inia, alisema, anaweza kuziunga na jirani zake. Iliyokatika itunzwe, pakiota vizuri atairudishia. Na kama bado anataka kunyoa, mashine ipo, kichwa ni chake.

Binti alimtazama bibi kupitia kioo. Hapo bibi akaelewa jambo ambalo lilimuuma kuliko ile dredi ya juu ya mto. Mtoto huyu alikuwa tayari kunyoa miaka sita ili asimwambie neno moja.

"Kama umezichoka, nyoa," akasema. "Lakini kama unanyoa kwa ajili ya mikono yangu, iambie mikono yangu."

Binti alichezea ncha ya kitambaa.

"Unanivuta, bibi. Inauma. Jumamosi usiku silalii upande wowote. Tangu mwaka juzi."

"Na hukusema."

"Ningesema, ungeacha. Nami ningekusikia ukisimulia saa ngapi?"

Bibi alinyoosha mkono, akaukunja tena kabla haujafika kwenye nywele, akaushusha begani kwa mjukuu, ukabaki pale. Binti akamwambia msusi aunge.

Ilichukua saa mbili, pamoja na kuiosha ile nta kwa maji ya uvuguvugu na kuzikausha mpaka ndani, zisije zikavunda. Waliondoka na amri moja: wiki nane, mkono usiguse shina.

Jumamosi ikafika. Chai ikanywewa. Bibi alikaa kwenye kiti chake, akakunjua shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa, akalikunja tena. Alikuwa ameshajiambia kwamba binti atatoka zake, ana marafiki, ana dunia yake.

Binti akaleta kiti cha jikoni, akakiweka mkabala naye, akaketi. Magoti yao yakagusana.

"Haya, mke mwenzangu," akasema. "Uliishia babu alipopotelea kwenye msafara wa harusi ya watu."

Bibi akaanza, kisha akakwama. Kwa miaka sita alikuwa amekisimulia kisogo. Hakujua kwamba binti akisikiliza anauma mdomo wa chini, kama mama yake, wala kwamba huanza kutabasamu mapema, kabla kichekesho hakijafika. Aliirudia ile habari ya msafara tangu mwanzo, taratibu, ili aone.