Historia Tukufu ya Babu Zahoro na Ngamia Wake Arobaini

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kariakoo, na wa Magomeni wakipenda: mwaka huu wa 1934, mimi Mbaruk bin Salum, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni, nimekamilisha Historia Tukufu ya marehemu babu yangu Zahoro, aliyetoka Manga, huko Uarabuni. Niliikamilisha jikoni, nilikoachwa niangalie maharage. Maharage yaliungua. Lawama ikamwangukia paka.

Haukuwa mchezo. Dada yangu Zeina alikuwa ameposwa na Hamud, muuza vitambaa, naye Zeina alimtaka mpaka akawa anaimba akifua. Lakini Mzee Hashil, ami yake Hamud, hakutaka kuipitisha posa kabla ya kusoma historia ya ukoo wetu. Baba alifiwa na Babu akiwa mtoto, hakukumbuka kitu. Akanipa kazi hiyo mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Nilizunguka siku mbili nikiuliza wazee. Wote walisema lile lile: Zahoro alikuwa mpishi wa chombo, alitapika safari nzima, akashuka Dar es Salaam, akaapa hapandi tena. Akauza kahawa hadi kufa. Mzee Devendra wa duka la viungo aliongeza kuwa kahawa ilikuwa nyepesi hata wateja wakamwita Bwana Maji.

Basi nikamsaidia marehemu. Nikampa ngamia arobaini, jumba la ghorofa na upanga. Tena nikaandika kwamba Baba alipozaliwa, Bi Mauza, marehemu mama yake Hamud, alimnyonyesha siku arobaini. Nyumba iliyomnyonyesha baba itamkataaje binti? Karatasi nikaichovya kwenye chai ionekane ya kale.

Ijumaa baada ya sala, Mzee Hashil aliisoma barazani kwa sauti. Kwenye ngamia alitikisa kichwa kwa heshima. Kwenye Bi Mauza akavua miwani.

"Salum, uliijua habari hii?"

"Nilikuwa mchanga, Mzee, ningejuaje?" Baba akajibu.

"Nami mwaka huo nilikuwa Unguja, siwezi kubisha. Basi wewe na Hamud ni ndugu wa kunyonya. Hamud ni ami yake Zeina! Ndoa hakuna."

Nyuma ya pazia sinia lilianguka. Somo la kunyonya, nakiri, lilifundishwa chuo cha Kurani siku niliyotorokea Mnazi Mmoja kutazama mpira.

"Labda mwandishi wa zamani alikosea, Mzee," nikasema.

"Wa zamani sana? Mbona karatasi yake inapandwa na sisimizi?"

Chai ilikuwa na sukari.

"Mbaruk," sauti ya Zeina ikatoka nyuma ya pazia, "sema kabla sijatoka."

Nikasema. "Bi Mauza hakumnyonyesha mtu wa kwetu. Nilitunga."

"Na ngamia?" Mzee Hashil akauliza.

"Nilitunga."

"Jumba?"

"Pia."

"Upanga?"

"Kisu cha vitunguu, Mzee."

"Sasa huyu Zahoro ni nani hasa?"

Baba aliinamisha kichwa. Nikajibu: "Mpishi aliyetapika toka Manga mpaka hapa. Akauza kahawa. Walimwita Bwana Maji."

Mzee Hashil aliruka. "Bwana Maji! Yule mwizi! Ujana wangu wote nimekunywa maji yake ya moto!" Akacheka hadi kofia ikadondoka. "Kumbe ni watu tunaowajua! Andika upya, weka na kutapika kwake, nami nitatia sahihi, harusi iendelee."

Nimeandika, naye ametia sahihi. Na kwa kuwa leo nasema kweli: paka hakugusa maharage.