Nkowe Tulivyobonyeza Moja

Sauti ya simu ilisema jua, na mama akaiamini. Aliacha ufuta wake shambani, miganda imefungwa na kuegemezwa kwenye kichanja, tayari kukung'utwa, akaenda msibani. Adhuhuri mvua ikashuka kutoka upande wa Narung'ombe, ikapiga mpaka mbegu zikamwagika kwenye matope. Nilimkuta amechuchumaa anaokota punje moja moja. Ufuta! Mtu anaokota ufuta kwenye tope! Nilitaka kulia, nikaona aibu, nikakasirika.

Hasira yenyewe ilikuwa inanirudia, maana huduma ile ni mimi niliyeileta kijijini kwetu Nkowe. Ilianzia Lindi, kwa watu wa vyombo vya baharini. Asubuhi sauti ya dada mmoja, iliyorekodiwa, inakupigia na kukutabiria upepo na mawimbi. Jioni inapiga tena: kama tulipatia, bonyeza moja, kama tulikosea, bonyeza mbili. Majibu ya watu ndiyo yanayorekebisha utabiri wa siku zinazofuata. Walipoipandisha huku bara itutabirie mvua, nilipita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha watu.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa mjini, kwenye ofisi ya mradi. Msimamizi wao anaitwa Titus.

"Imrani, mbona umekuja na moto?"

"Mmetuharibia ufuta. Mlisema jua, ikanyesha mvua ya kung'oa miti."

Akageuza kompyuta yake niione. "Nkowe ndiyo mnaongoza wilaya nzima. Kila siku mnasema tunapatia. Hata jana."

"Jana ilinyesha!"

"Watu wako wamebonyeza moja. Namba ya mama yako hii hapa. Moja."

Titus akaendelea, taratibu, kama anamfundisha mtoto. "Lindi wanatusema kila siku. Upepo ukichelewa kidogo tu, mbili. Wimbi likizidi kidogo, mbili. Ndiyo maana baharini siku hizi hatukosei sana, tunajua tunakosea wapi. Ninyi mnatuambia tuko sawa, na sisi tunaendelea vilevile."

"Sasa tufanyeje? Tuna shamba jingine la ufuta halijakatwa. Tukikosea na lile, mwaka umekwisha."

"Tuna mashine moja ya kupima mvua na upepo. Inakwenda Nachingwea keshokutwa, kwa sababu wao wamelalamika. Ninyi mmeridhika, mashine ya nini?"

"Watu wakibonyeza mbili?"

"Nitaangalia kesho jioni. Ila wabonyeze wao, siyo wewe."

Nilirudi nikamkuta mama uani anapepeta kile alichookoa. Mzee Mbaruku, jirani yetu, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua vijiwe kwenye ufuta.

"Mama, jana simu ilipokuuliza jioni, ulibonyeza nini?"

"Moja."

"Ufuta uko kwenye tope, nguo zinakudondoka maji, ukabonyeza moja?"

"Sasa nimwambie amekosea? Mtoto wa watu anaamka alfajiri, anakupigia, anakuamkia vizuri. Nimwite muongo?"

"Ile ni mashine, mama."

"Mashine inasema shikamoo?"

Mzee Mbaruku akadakia. "Mimi nilimwambia, usijali binti, mvua ni ya Mungu. Nikabonyeza moja, asije akafukuzwa kazi."

"Mzee, hakusikii!"

"Hata kama hanisikii. Adabu ni adabu."

Niliongea mpaka sauti ikakauka. Niliwaambia habari za Lindi, habari za mashine. Mama akanijibu kwamba watu wa Lindi wana midomo na yeye hakulelewa hivyo. Hapo nikapasuka.

"Huyo dada hayupo! Anayepokea majibu ni Titus, Mngoni wa Songea, amekaa kwenye kiti Ruangwa pale anatuona wajinga!"

Ungo wa mama ukasimama hewani.

"Umesema nani?"

"Titus."

"Mngoni?"

"Mngoni."

"Mbaruku!" mama akapiga kelele, na mtu yuko mbele yake. "Kumbe ni Wangoni!"

Mzee Mbaruku alicheka mpaka vijiwe vikamponyoka. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani. Mngoni anaweza kuja kwenye msiba wetu, akalala ndani ya kaburi na kugoma kutoka, na hakuna wa kumgusa. Na sisi kwao ni hivyohivyo.

Siku hiyo walikuwa wametabiri mvua, na jua lilichoma tangu asubuhi. Jioni simu ilipoita, mama hakuiacha sauti imalize, akabonyeza.

"Mbili! Babu yako alituibia mbuzi, na wewe unatuibia ufuta!"

Ng'ambo ya ua nikamsikia Mzee Mbaruku naye: "Mbili, Mngoni wee! Mvua yako iko wapi, umeila?" Habari ikatembea. Mpaka giza linaingia, kila nyumba ilikuwa inaitukana simu kwa furaha, na mimi nilijiona mshindi.

Kesho yake walitabiri mawingu bila mvua. Ikawa mawingu bila mvua, hivyohivyo walivyosema. Jioni Titus akanipigia.

"Imrani, nimeona. Mashine inakuja Nkowe."

Niliruka.

"Ngoja kwanza. Leo ilinyesha huko?"

"Haikunyesha."

"Sasa mbona kijiji kizima mbili? Nikiyaingiza majibu haya, kesho kompyuta itawatabiria theluji."

Nikaziba simu kwa kiganja. "Mama, leo walipatia."

"Najua. Si nina macho?"

"Ulibonyeza nini?"

"Mbili."

"Kwa nini?"

"Ukimsifu Mngoni leo, kesho anakuja kuoa."

"Mama, jibu likiwa la uongo, mashine yenyewe haitatusaidia!"

"Basi mwambie alete mashine, na aje mwenyewe. Nina maneno yake mengine."

Titus alikuwa bado kwenye simu, anasubiri. Maganda ya ufuta wa lile shamba jingine yalikwishaanza kuwa manjano, yanataka kukatwa, na katika Nkowe nzima hapakuwa na mtu wa kuniambia tukate kesho au tusubiri.