Mikate ya Posa

Zablon alikuwa mtu mzuri, hakuna anayebisha, ila kwa ubahili alikuwa amepita mpaka. Kila asubuhi pikapu yake ilitoka Migori imejaa mikate ya bekari ya Mahmud, akiigawa kwenye hoteli ndogondogo hadi Sindo. Na kwenye kioo cha mbele? Stika ya bima ya gari la binafsi! Januari ile ya 1996 wakala alimuuliza gari ni la kazi gani, naye, bila haya, akajibu, "La kwenda kanisani." Bima ya gari la biashara ilikuwa ghali, basi.

Siku ya siku ikafika. Akirudisha gari nyuma pale Sindo, akamgonga Truphena, mama mwenye hoteli, aliyekuwa ametoka kupokea mikate yake. Mguu wa kulia ukavunjika sehemu mbili. Huko wodini Homa Bay daktari akasema lazima utiwe chuma, na chuma si bure. Bima isipolipa, Truphena atachechemea mpaka kaburini.

Zablon alikonda kwa majuto. Kila siku alikuja na uji, akamlisha, akamwekea mto. Lakini kusema ukweli, wapi! "Mama," alimwambia, "watu wa ofisi walikosea stika. Wakijua nilibeba mikate ya kuuza, hawatakulipa."

"Wacha wasiwasi, mwanangu," Truphena akasema. "Niachie mimi."

Ombui wa kampuni ya bima alifika Jumanne na fomu zake. "Mama, mikate themanini iliyokuwa kwenye gari ilikuwa ya nini?"

"Ya posa," Truphena akajibu bila kupepesa. "Huyu alikuja kumposa binti yangu Liz. Kwetu Wajaluo mkwe haji mikono mitupu."

Lo, mama huyo! Hata Ombui alicheka, akaanza kuandika. Kisha kalamu ikasimama. Alikuwa anamtazama Zablon, aliyekaa kitandani na mguu wa kushoto wa Truphena, ule mzima, mapajani, akimkanda vidole kama alivyozoea.

"Huyu ndiye mkwe?"

"Ndiye, oche wangu kabisa."

"Mama, mimi ni Mkisii. Hata kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, na nyinyi Wajaluo mna ukali kutushinda. Mkwe gani huyu wa kukaa kitandani pako na kukukanda miguu?" Akafunga faili. "Hiyo mikate ilikuwa ya biashara. Kampuni hailipi."

Akatoka. Truphena akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Wale wa ofisi walikukosea, na mimi na mdomo wangu nimekuharibia zaidi."

Hapo uongo ukamshinda Zablon. Angetukanwa, angevumilia. Lakini kuombwa msamaha na mtu uliyemvunja mguu, jamani!

"Hawakukosea, Mama," akasema. "Niliwadanganya mwenyewe. Nilikwepa bima ya biashara. Nilijua tangu Januari."

 Truphena akauvuta mguu wake kutoka mapajani mwa Zablon, polepole kwa sababu ya maumivu, akaufunika kwa shuka.

"Basi sasa umekuwa oche kweli," akasema. "Toka nje. Usinione kitandani tena."