Kambi ya Usiku Mmoja

Mzee Kyule alikuwa amekwisha kufunga begi. Kesho asubuhi angepanda basi arudi kwao Wamunyu, na bintiye Ndunge alikuwa amembembeleza abaki mpaka ulimi ukamkauka. Tangu kiharusi kiulegeze mkono wake wa kulia, mzee aliyechonga vinyago miaka arobaini alijiona mzigo katika chumba hiki kimoja cha bintiye mtaani Pipeline.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Baba."

"Methali haishiki patasi."

Kiburi cha wachongaji! Hata kiharusi hakikukiweza.

Ndunge akarudi kwenye kompyuta. Balbu ilikuwa inawaka saa sita mchana, maana ghorofa la jirani lilimeza jua lote. Kazi yake ilikuwa kukagua picha za ardhi ya Uingereza, zilizopimwa kwa ndege zikaonyesha kila kiinuko kwa mwanga na kivuli, aseme ni wapi askari wa Roma ya kale walipiga kambi. Dalili alizijua: mstatili wenye pembe za mviringo, handaki nje, tuta la udongo ndani.

"Mbona unaguna?" mzee akauliza.

"Hii ina pembe zote, lakini iko kinyume. Tuta liko nje, handaki ndani. Ni zizi la kondoo tu, naifuta."

Mzee akavuta kigoda. Akatazama, kichwa akikiinamisha huku na huku, vile alivyozoea kukagua mbavu za twiga wa mti. Kisha akacheka, kicheko ambacho Ndunge hakuwa amekisikia tangu Januari.

"Nani ameiwekea picha hii taa chini? Jicho limezoea mwanga wa juu. Mwaka wangu wa kwanza niliketi upande mbaya wa taa, nikaona mfereji ni mgongo. Nikauchonga mpaka twiga akatoboka tumbo! Hebu pindua hiyo picha."

Ndunge akaipindua. Palipoinuka pakazama, palipozama pakainuka. Handaki nje, tuta ndani, na pengo la lango kila upande.

"Ai, Baba! Ni kambi!"

"Walikaa hapo miaka mingapi?"

"Pengine usiku mmoja tu. Walifika jioni, wakachimba, asubuhi wakaenda zao."

"Usiku mmoja, na wakachimba yote hayo?" Mzee akatazama ukuta mtupu juu ya kitanda chake. "Mimi nina miezi minane hapa, na koti langu bado nalitandika kwenye kiti kama mgeni."

Machozi yalimlenga Ndunge. Alimpenda mzee huyu kupita kiasi.

"Msumari upo, nilitundike?" mzee akauliza.

"Upo."

"Basi nishikie. Nitagonga kwa kushoto."

Ndunge akausimamisha msumari ukutani kwa vidole viwili. Pigo la kwanza likampata kwenye kidole gumba. Hakukiondoa.