Mwenye Kadi Lazima Awepo

Mpokea wageni wa hoteli aliigeuza kadi ya mkopo, akasoma jina, kisha akamtazama mama aliyesimama mbele yake na sanduku la magurudumu.

"Hii ni ya mwanamume, mama."

"Ya mume wangu. Alifariki mwaka jana."

"Pole sana. Lakini mwenye kadi lazima awepo atie sahihi."

Mama akasema sawa, akaketi kwenye kochi. Haukupita muda lifti ikafunguka, akatoka mumewe na suti aliyozikwa nayo, viatu vimejaa udongo. Akasalimu, akatia sahihi. Mpokea wageni akailinganisha na ile ya nyuma ya kadi, akaridhika, akamkabidhi marehemu ufunguo.

"Umechukua chumba chenye kiyoyozi?" mume aliuliza koridoni.

"Hakikuwepo kingine."

"Benki uliwaarifu unasafiri?"

"Niliwaarifu."

"Mashine ikikuuliza ulipe kwa pesa ya kwetu au ya huku, chagua ya huku. Na usitoe taslimu kwa kadi, riba inaanza papo hapo."

Hayo aliyasema hata enzi za uhai wake, na yalikuwa kweli. Chumbani akazima taa ya bafuni, akaenda zake.

Mama alikuwa amekuja kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji ugenini. Aliponunua nepi, marehemu alikuja akasaini. Aliponunua dawa, alikuja, akauliza kama hakuna za bei nafuu.

"Baba yuko wapi?" binti aliuliza kitandani.

"Nje. Nimemwambia asiingie na vile viatu, mtoto bado mchanga."

"Mama, pesa si za cherehani yako?"

"Ni zangu."

"Sasa yeye anasaini nini?"

Mama aliendelea kukunja nguo za mtoto.

Aliporudi nyumbani alikwenda benki kuomba kadi ya jina lake. Afisa wa mikopo, kijana mwenye adabu, alimvutia kiti.

"Tatizo huna historia na sisi, mama. Anayelipa ni mzee."

"Mzee amekufa. Na akiwa hai, pesa nilikuwa nazileta mimi, hapa hapa dirishani."

"Nakuelewa. Ila hajachelewesha hata mara moja." Afisa alitazama kompyuta. "Tunaweza kukupa kadi ya nyongeza chini ya jina lake. Akikubali."

Wote wawili wakamgeukia marehemu, aliyekuwa ameketi kiti cha pembeni.

"Ya nini?" alisema. "Si ameshasafiri, amesharudi."

Afisa akaifunga fomu, akawashukuru kwa kufika.

Nje jua lilikuwa kali. Ngazi za benki zilikuwa ndefu, na marehemu hakuwa na nguvu tena miguuni, kwa hiyo mama akamshika mkono, wakashuka polepole.