Rangi ya Moshi wa Pikipiki ya Upepo

Wewe unayenisikiliza, hebu fungua hiki: kushuka kinajua chenyewe, kupanda mpaka kibebwe. Umeshindwa? Usinipe mji, sina nguvu za kuutawala. Ni oili.

Fundi pikipiki mmoja alilijua jibu hilo kuliko mimi na bado likamponza. Macho yalikuwa yanamuaga, moja baada ya jingine. Daktari alishamwambia kilichokwenda hakirudi. Pua nayo ilikufa zamani kwa petroli. Alibaki na mikono. Basi shemeji yake, kijana wa mbiombio waliyemwita Upepo, akamletea pikipiki ifungwe turbo, kile kidude mfano wa konokono kinachoisukumia injini hewa ipate nguvu. Fundi akaapa mbele ya mkewe:

"Hii ikitoka bila moshi, mimi bado fundi. Ikinishinda, nafunga karakana, nikae nyumbani nilishwe."

Akaifunga turbo chini ya injini, ndiko mikono ilikoona nafasi. Sasa turbo hunywa oili, na ikishainywa, oili hutakiwa ishuke yenyewe kwa bomba hadi kwenye bakuli la injini. Lakini hapa turbo iko chini, bakuli liko juu. Itapandaje? Ikajaa, ikapenya kwenye ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, ikaungua.

Upepo akaja mbio. "Shemeji! Mimi nilikupa dada yangu hana hata chembe ya moshi, wewe unanirudishia jiko la kuni?"

"Bomba jembamba hilo, shemeji. Tulia."

Akatia bomba nene, akalinyoosha, akawasha. Akamgeukia mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya pikipiki. "Mama watoto, moshi una rangi gani?"

Moshi una lugha yake, ati. Mweusi, petroli imezidi. Wa bluu, oili inaungua.

"Unapungua," mke akasema.

"Sijauliza wingi. Nimeuliza rangi."

"Ngoja nikuletee maji, jasho limekulowesha."

Injini ilipozimwa na kupoa, kabla kidole cha mumewe hakijafika kutafuta unyevu wa oili, mke aliinama akaupangusa mdomo wa ekzosi kwa tambara, haraka haraka. Fundi akagusa. "Kavu! Mama watoto, kavu!" Akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko hicho nyumba yao ilikuwa imekisahau. Ungekuwa wewe, ungempokonya?

Kwa kuuamini ukavu ule, akawa anaiwasha asubuhi na jioni, eti masalia ya oili yaungue yaishe. Kumbe oili iliyokosa njia hukaa kwenye moto ikaganda masizi, na masizi hutafuna beringi za turbo. Mapenzi ya mke yakawa msasa.

Upepo akarudi, akakuta imewashwa. "Shemeji, jirani kafunga madirisha yote!"

"Anaogopa vumbi," dada yake akadakia.

"Vumbi gani linakohoza watu, dada? Na hilo tambara mkononi, mbona linachuruzika oili?"

Fundi akapapasa hewani, akalipata lile tambara, akalibinya. Hakugomba. Afadhali angegomba. Akazima injini, akaomba spana.

Akaifungua turbo. Akakata vishikizo, akavichomelea upya juu, juu kabisa ya bakuli, bomba likaning'inia wima kama lilivyopaswa tangu mwanzo. Kabla ya kuirudisha, akaitikisa shafti, mhimili wake wa ndani, kwa ncha ya kidole.

"Inacheza kama jino la mtoto," akasema polepole.

"Tununue nyingine," Upepo akasema, safari hii bila mzaha.

"Saizi hii haiji tena. Nimeuliza kila duka."

Akaifunga hivyohivyo, mfa maji haachi kutapatapa. Upepo akapiga kiki. Injini ikaitika vizuri, sauti nzuri mno, na moshi ukatambaa mpaka kwenye magoti yao. Fundi hakunyoosha kidole. Alisimama tu, uso ameuelekeza upande ambao moshi haukuwapo.

"Mama watoto, siku ile nilikuuliza, ukanipa maji. Una rangi gani?"

Upepo aliyejua kusema akainamisha kichwa. Mke akautazama moshi, akamtazama mumewe, akautazama tena moshi.

"Bluu," akasema. "Bluu, baba watoto. Tangu siku ya kwanza."